Watu Wote wa Koo Moja

Mwezi Juni 1933, kituo cha redio cha KEX mjini Portland, jimbo la Oregon, kilianza kurusha kipindi cha vichekesho kilichoitwa Cobweb and Nuts. Kilisikika Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa tano usiku mpaka saa sita. Aliyefungulia redio alisikia mtaa mzima ukizozana: wazee kwa vijana, wenyeji kwa wahamiaji, wajanja kwa wajinga. Studioni walikuwamo Mel Blanc, kijana wa miaka 25, na mkewe Estelle, basi. Kituo hakikuwa tayari kumlipa mwigizaji mwingine yeyote, kwa hiyo kila mtu aliyehitajika katika mchezo ilibidi atoke kwenye makoo hayo mawili, na wengi walitoka kwenye koo la Mel.

Ubahili ule ndio uliomfunza kazi. Marekani ilikuwa imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi, na kijana mwenye kazi ya redio hakuwa na nafasi ya kulalamika. Kipindi cha saa nzima, siku sita kwa wiki, hula maneno kama moto ulavyo nyasi kavu. Jana umekuwa mzee mwenye hasira; leo wasikilizaji wanataka mwingine, na kesho mwingine tena, na wote wanapaswa kutofautiana hata mtu aliyelala nusu usingizi asichanganye nani anasema. Msomaji aliyekulia na michezo ya redio, aliyewahi kukaa karibu na spika akimsubiri Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, anajua uzito wa jambo hili. Redioni hakuna vazi, hakuna ndevu za bandia, hakuna mwendo wa kuchechemea. Mtu ni sauti yake, na sauti ikiyumba, mtu huyo hayupo tena.

Mel alizaliwa San Francisco tarehe 30 Mei 1908, katika familia ya Kiyahudi, akakulia huko na baadaye Portland. Miji ile ilijaa wahamiaji, na yeye tangu utotoni alipenda kusikiliza namna kila mmoja wao alivyokivunja Kiingereza kwa namna yake. Shuleni hakung'ara. Jina la ukoo wake lilikuwa Blank, linalobeba maana ya utupu, na mwenyewe alisimulia kwamba mwalimu mmoja alimwambia hatakuwa lolote, atabaki mtupu kama jina lake. Alipofika miaka 16 akaanza kuliandika Blanc, na hakurudi nyuma. Shule aliiacha bila kumaliza. Lakini kuna kitu alitoka nacho mle. Alikuwa na kicheko kikali cha kupanda na kushuka, naye alikijaribu kwenye ukumbi mrefu wa shule ili asikie kinavyorudi kwa mwangwi. Kicheko hicho tutakutana nacho tena, na mahakamani pia.

Kabla ya kuwa mwigizaji alikuwa mwanamuziki. Alipiga fidla, besi na tuba, na akiwa bado kijana sana aliongoza bendi ya ukumbi wa maonyesho. Naliona jambo hili kuwa muhimu kuliko wengi wanavyolichukulia. Wapo waigaji wengi wa sauti duniani. Karibu kila mtaa una wake, anayewachekesha wenzake kwa kumuiga mwalimu mkuu. Lakini Blanc alisikia sauti ya mtu kama mpiga muziki anavyosikia ala: urefu wa noti, mahali pa kupumua, mahali pa kunyamaza. Mwaka 1927 aliingia kwenye kipindi cha Hoot Owls cha redio KGW, Portland, akaanza kwa kuimba na kuchekesha. Baadaye ndipo kikaja kile cha saa tano usiku, na mwaka 1935 yeye na Estelle wakahamia Los Angeles moja kwa moja.

Mjini Los Angeles alikuwa anajua mlango anaoutaka. Kampuni ya Leon Schlesinger ilitengeneza katuni zilizouzwa na Warner Bros., na Blanc alikwenda kuomba wamsikilize. Msimamizi akamjibu kwamba sauti walizonazo zinatosha. Akarudi tena, na tena, kwa muda mrefu, jibu likiwa lilelile. Mpaka nafasi ya msimamizi huyo ilipokuwa mikononi mwa Treg Brown, fundi wa milio na sauti, ndipo alipokubaliwa kufungua kinywa. Brown alicheka, akawaita waongozaji nao wamsikie. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa sauti ya fahali aliyelewa, katika Picador Porky ya mwaka 1937.

Shida ya studio wakati huo ilikuwa nguruwe. Porky Pig alikwishakuwa na jina, na aliigizwa na Joe Dougherty, mtu aliyekuwa na kigugumizi cha kweli. Kigugumizi cha kweli hakina saa. Humkamata mtu pale asipotaka, na filamu inazunguka, na fedha zinakwenda. Studio ikamwomba Blanc achukue nafasi. Alisimulia baadaye kwamba alikwenda kwanza kwenye shamba la nguruwe kuwasikiliza, akarudi na wazo kwamba nguruwe akisema, mikoromo yake ndiyo itakayokatiza maneno. Kwa hiyo kigugumizi cha Porky wake kilitoka kwenye unguruwe wenyewe. Hakikuwa kejeli tu dhidi ya watu wenye kigugumizi. Porky huyo mpya alisikika katika Porky's Duck Hunt, mwaka huohuo wa 1937, iliyoongozwa na Tex Avery, na katika katuni hiyohiyo akatokea bata mweusi mwenye wazimu, Daffy, naye pia kwa koo la Blanc.

Mwaka 1940 likaja jambo kubwa zaidi. Avery aliongoza A Wild Hare, ambamo sungura wa kijivu anamchezea shere mwindaji anayemwinda. Blanc alimpa sungura huyo, Bugs Bunny, lafudhi ya vijana wa mitaa ya New York, mchanganyiko wa Brooklyn na Bronx. Hapo ndipo ninapomwona mwigizaji hasa. Sungura aliyetishwa kwa bunduki angeweza kupewa sauti ya woga, na kila mtu angeona ni sawa. Blanc alimpa sauti ya kijana aliyeegemea ukuta, asiyeharakishwa na mtu, anayemuuliza mwenye bunduki habari za siku. Vichekesho vyote vya Bugs, kwa zaidi ya miaka 50, vimejengwa juu ya utulivu ule, na utulivu ule haukuwamo kwenye mchoro. Sauti zilirekodiwa kwanza, wachoraji wakafuata. Waliosogeza penseli walikuwa wanamsikiliza yeye.

Ile sauti ya kutafuna karoti nayo ilikuwa ya kweli. Walijaribu vitu vingine, havikutoa mlio unaofaa. Tatizo ni kwamba mtu hawezi kutafuna karoti mbichi na kusema sentensi inayofuata kwa wakati mmoja, kwa hiyo Blanc alitafuna, wakasimamisha, akatema kwenye chombo, wakaendelea.

Baada ya hapo wakaja kwa wingi. Kindege cha manjano, Tweety, mwaka 1942. Yosemite Sam na paka Sylvester mwaka 1945. Jogoo Foghorn Leghorn mwaka 1946. Kicheche wa Kifaransa, Pepé Le Pew, asiyekubali kukataliwa na mwanamke. Katika Tweetie Pie ya mwaka 1947, iliyoipa studio tuzo yake ya kwanza ya Oscar kwa katuni, paka anayewinda na ndege anayewindwa ni mtu mmoja aliyesimama mbele ya kipaza sauti. Sylvester na Daffy wote wana kithembe cha kurusha mate. Ukiwasikiliza kwa makini utaona ni ndugu wa karibu, ila rekodi ya Daffy iliharakishwa kidogo kwa mashine ili ipande. Wapo wanaolitaja hilo kama udanganyifu. Mimi silioni hivyo. Mashine hupandisha sauti, lakini haimfundishi bata wivu. Daffy ni kiumbe anayeteseka kwa sababu mwenzake anapendwa kuliko yeye, na mateso hayo yapo kwenye pumzi zake kabla hajamaliza neno la kwanza.

Anayetaka kupima ustadi huu aitafute Rabbit Fire, kazi ya mwongozaji Chuck Jones ya mwaka 1951. Sungura na bata wanabishana mbele ya mwindaji juu ya nani aliye msimu wake wa kuwindwa, na kila mmoja anavaa kama mwenzake na kuiga sauti ya mwenzake. Blanc anakuwa Daffy anayejifanya Bugs, kisha Bugs anayejifanya Daffy. Ukifumba macho bado unajua nani yuko ndani ya nani. Bata anapojifanya sungura, ule utulivu hauwezi. Uchungu wake unavuja chini ya kila silabi. Mwigaji wa sauti asingefika hapo hata kwa mazoezi ya miaka.

Kuhusu malipo, Schlesinger hakuwa mtu wa kufungua mkono. Blanc alisimulia kwamba alikwenda kuomba nyongeza ya mshahara, akanyimwa, akaomba badala yake jina lake liandikwe kwenye skrini. Hilo halikumgharimu bwana yule chochote, naye akakubali. Kwa hiyo katika miaka ya 1940 katuni zikaanza kutoka na maandishi yanayomtaja Mel Blanc kuwa mwenye sauti, jambo lisilo la kawaida katika biashara ile. Redio zikaanza kumtafuta. Jina lilimlipa kuliko ambavyo nyongeza ingemlipa.

Lakini jina hilo lilikuwa na kivuli. Mwindaji Elmer Fudd, yule asiyeweza kutamka herufi fulani, hakuwa Blanc; alikuwa Arthur Q. Bryan, mwigizaji wa redio, na kwa kawaida jina lake halikuandikwa. Bea Benaderet na June Foray waliigiza bibi wa Tweety na wanawake wengine wengi, nao kwa miaka mingi hawakuandikwa. Watazamaji wakadhani kila kinachosikika kimetoka kwa mtu mmoja. Hadithi ya mtu wa sauti elfu ni nzuri, na sehemu kubwa yake ni kweli, ila haki inadai tuwataje na waliosimama kando yake kwenye kipaza sauti kilekile.

Kile kicheko cha shuleni je? Mwaka 1940 Blanc alikitoa kwa Walter Lantz, mshindani wa Schlesinger, kwa ajili ya kigogota mmoja mwenye kichaa, Woody Woodpecker. Aliigiza katuni chache tu, kwa sababu mkataba na Schlesinger ulimfunga asifanyie wengine. Lakini rekodi ya kicheko ilibaki kwa Lantz na ikaendelea kutumika. Mwaka 1948 ukatoka wimbo wa Woody Woodpecker uliopendwa nchi nzima, kicheko kikiwemo, na Blanc akaenda mahakamani. Hakufanikiwa, kwa kuwa hakuwa amekisajili kama mali yake, ingawa Lantz alimalizana naye nje ya mahakama. Sheria haikujua kulinda kitu kinachotoka kooni kikaishia hewani. Kwa wasanii wa sauti suala hilo bado halijafungwa hata leo.

Wanaomjua kwa katuni tu wanamjua nusu. Nusu nyingine ni Jack Benny.

Benny alikuwa mmoja wa wachekeshaji wakubwa kabisa wa redio ya Marekani. Kwenye kipindi chake aliigiza mtu bahili kupindukia, mwenye kujiona kijana, na mpiga fidla asiyefaa. Blanc aliingia humo mwaka 1939, na kazi aliyopewa ilikuwa kunguruma. Benny alidaiwa kufuga dubu wa nchi za barafu, Carmichael, alinde chumba cha chini alimoficha fedha zake, na Blanc ndiye aliyekuwa dubu. Miezi ikapita ananguruma. Hatimaye akamwendea Benny akamwambia kwamba anaweza pia kusema. Benny akacheka sana, na tangu siku hiyo akaanza kuandikiwa watu.

Alikuwa pia gari. Benny bahili alikuwa na gari bovu aina ya Maxwell, na mlio wake ulitoka kwenye santuri. Siku moja kipindi kikiwa hewani santuri haikulia. Blanc akaruka kwenye kipaza sauti, akakohoa, akatema mate, akapiga chafya, akatetemeka na kuzimika kama injini iliyochoka na maisha. Santuri haikurudi tena. Alikuwa kasuku wa nyumbani. Alikuwa Profesa LeBlanc, mwalimu wa fidla wa Kifaransa, mtu aliyeharibikiwa na maisha kwa sababu mwanafunzi wake ni Benny. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni aliyeita majina ya miji mitatu ya California: Anaheim, Azusa na Cucamonga. Jina la tatu alilikata katikati, akanyamaza, kisha akalimalizia. Wiki hadi wiki ukimya ule ukarefuka, hadi ikafika mahali mazungumzo mengine yalipita yote katikati ya neno moja, na watu ukumbini wakakaa wakisubiri nusu iliyobaki.

Kwangu mimi kilele chake ni muuza duka wa Krismasi. Kila mwaka Benny alikwenda dukani kununua zawadi ndogo, kitu kama kamba za viatu, na Blanc alikuwa muuzaji. Anampokea kwa adabu. Anafunga zawadi kwa karatasi na utepe. Benny anaondoka, anawaza, anarudi: angependelea aina nyingine. Muuzaji anafungua, anabadilisha, anafunga tena, bado kwa adabu, ila adabu imeanza kukaza meno. Benny anarudi tena. Kufika mara ya nne au ya tano Blanc hajawa mtu wa kupiga kelele tu. Amekuwa mtu anayelia, anayebembeleza, anayecheka peke yake, mtu ambaye akili yake unaisikia ikitatuka nyuzi moja baada ya nyingine. Benny mwenyewe mara nyingi alishindwa kujizuia, akacheka hewani. Anayesema Blanc alikuwa mtu wa milio na asikilize michezo ile, kwa sababu hakuna mlio wa ajabu hata mmoja ndani yake. Kuna mfanyakazi aliyechoka, na mteja.

CBS walimpa kipindi chake mwenyewe, The Mel Blanc Show, Septemba 1946. Kikaisha Juni 1947. Aliigiza kijana mpole mwenye duka la kutengeneza vitu, na nadhani upole huo ndio uliokiua. Blanc alihitaji mtu wa kuvaa. Alipoambiwa awe Mel tu, hakupata pa kushika.

Siwezi kuipita sehemu nyingine ya kazi ile kana kwamba haikuwepo. Vichekesho vya Marekani vya miaka hiyo viliishi kwa kuwacheka wageni na watu weusi. Blanc aliigiza Wamexico wazembe, na sauti yake imo katika All This and Rabbit Stew ya mwaka 1941, ambamo Bugs anawindwa na mtu mweusi aliyechorwa kwa dharau kubwa. Katuni hiyo ni mojawapo ya 11 zilizoondolewa kwenye televisheni tangu mwaka 1968. Sikio lilelile lililowapenda wahamiaji wa Portland lilitumika pia kuwadhalilisha watu, na sisi tunaozitazama kutoka Afrika tuna haki ya kuumizwa nazo huku tukiukubali ustadi wake kwingine.

Usiku wa tarehe 24 Januari 1961 alikuwa akiendesha gari kwenye barabara ya Sunset Boulevard, Los Angeles, penye kona mbaya ambayo wenyeji waliiita Kona ya Wafu. Gari jingine likamjia uso kwa uso. Miguu yake yote miwili ilivunjika, nyonga ikavunjika, na kichwa kikaumia vibaya. Akalala bila fahamu kwa majuma kadhaa. Estelle na mwanawe Noel walikaa kitandani pake wakizungumza naye, na hakujibu.

Kisha daktari mmoja akajaribu njia nyingine. Alimuuliza Bugs Bunny anajisikiaje leo. Kikapita kimya, halafu mgonjwa akajibu, kwa udhaifu, kwa sauti ya Bugs. Daktari akamuuliza Tweety kama yupo. Tweety naye akajibu. Tukio hilo limesimuliwa na Blanc mwenyewe na mwanawe, na madaktari wamelijadili tangu hapo bila kukubaliana. Wengine husema mazoea ya miaka 20 yalikuwa yamechimba njia kwenye ubongo, ambayo jeraha halikuifikia. Mimi nakumbuka tu kwamba watu hao hakuwa akiwavaa na kuwavua jukwaani kama kofia. Alikuwa ameishi nao karibu kila siku tangu ujana, na aliyekuwa mbali kabisa na mdomo wake wakati ule alikuwa Mel.

The Flintstones, katuni ya Hanna-Barbera iliyoanza kuonyeshwa Septemba 1960, ilikuwa katikati ya msimu wake wa kwanza, na Blanc ndiye aliyekuwa Barney Rubble, jirani mpole. Daws Butler, msanii mwingine mkubwa wa sauti, alimshikia nafasi kwa vipindi vichache. Kisha mitambo ikapelekwa kwa mgonjwa. Alilala chali, amefungwa plasta karibu mwili mzima, kipaza sauti kikining'inia juu ya uso wake, na waigizaji wenzake wakasimama kuzunguka kitanda. Sikiliza vipindi hivyo uone kama utamtambua Barney aliyelala. Hutamtambua. Aliishtaki pia manispaa ya Los Angeles kwa sababu ya kona ile, na barabara ikaja kutengenezwa upya.

Baada ya kupona alianzisha na Noel kampuni ya matangazo ya biashara yenye ucheshi. Mwaka 1962 akawa Bwana Spacely, tajiri mkali wa The Jetsons. Studio ya katuni ya Warner ikafungwa mwaka 1963, lakini televisheni ikazichukua katuni za zamani na kuzirudia kila Jumamosi asubuhi, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa zilipotengenezwa wakamjua Bugs kuliko wazazi wao walivyomjua.

Koo lenyewe halikuwa limetunzwa. Alivuta sigara tangu akiwa mtoto wa miaka 9 hadi alipokaribia miaka 77, na mapafu yakamsaliti. Sam, yule mfupi mwenye masharubu mekundu anayepiga kelele tu, ndiye aliyemchosha koo kuliko wote tangu mwanzo. Katika filamu ya Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, ambamo Bugs alikutana kwa mara ya kwanza na Mickey Mouse wa Disney, Blanc aliigiza Bugs, Daffy, Porky, Tweety na Sylvester akiwa na miaka 79 au 80. Kelele za Sam zilimshinda. Wakamchukua Joe Alaskey.

Mel Blanc alifariki Los Angeles tarehe 10 Julai 1989, akiwa na miaka 81. Warner Bros. walikabiliwa na swali ambalo hawakuwahi kulijibu kwa nusu karne: nani mwingine awe na sauti hizo? Ilipotengenezwa filamu ya Space Jam, mwaka 1996, Billy West alichukua Bugs. Daffy akaenda kwa Dee Bradley Baker, Porky na Tweety kwa Bob Bergen. Sylvester, Yosemite Sam na Foghorn Leghorn wakapewa Bill Farmer, na Pepé Le Pew akapewa Maurice LaMarche. Watu watano waligawana kazi ya mmoja, na safari hii majina yao yote yaliandikwa.